Bwana Chome wa Vibali vya Tanga

Alhamisi hii, tarehe 30 Novemba 1967, Bwana Chome Abdurahman, karani wa safari na vibali, anastaafu baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha kamba hapa Mwabungo kwa miaka thelathini na mmoja. Alianza kazi mwaka 1936, Wazungu wakiwa hawajaanza vita vyao vya pili, na anaondoka siku chache kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Hilo amelipanga mwenyewe. Anasema mtu mzima hawezi kufunga saumu vizuri huku akipigiwa kelele na watu wanaotaka pasi.

Halmashauri ya sherehe imenipa mimi, Rispah Kavumbi, mpiga taipu, kazi ya kuandika wasifu huu. Sababu waliyoitoa ni kwamba nimekaa naye chumba kimoja kwa karibu miaka minne. Sababu ya kweli ni kwamba wao ni wavivu na mashine iko mbele yangu. Haya, nimekubali, na yeyote atakayeona nimesema mno ajilaumu mwenyewe kwa kutoandika.

Bwana Chome ni mzaliwa wa Msambweni. Alisoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani, kisha akasoma shule kidogo, akatoka na mwandiko mzuri ambao mpaka leo wake za watu humwomba awaandikie kadi za harusi. Hata hivyo kazi yake ya kwanza hapa haikuwa ya mezani. Alikuwa akisimama pwani kupokea makumbi ya nazi yanapofukuliwa mashimoni, yakiwa yamekaa miezi ndani ya matope ya mikoko, na wanaoijua harufu ile wanajua kwamba haitoki kwa sabuni moja. Husimulia kwamba alipokwenda kuposa, wakwe walimwomba kwa adabu akae upande wa dirishani. Mkewe, ambaye yu pamoja nasi leo, hakatai.

Baada ya vita aliingizwa ofisini, na huko ndiko alikokutana na Tanga. Wageni wetu wa leo huenda hawajui kwamba wenye kiwanda hiki wana kiwanda kingine kule, na tangu zamani watu wetu huazimwa Tanga na wa Tanga huazimwa huku, kama majirani wanavyoazimana kinu na mchi. Mashine mpya ikifika Tanga, fundi wetu huenda kuifunga. Wasokotaji wa kule wakihitaji kufundishwa kamba nyembamba, mwanamke hodari kutoka kwetu huenda akakaa mwaka, hata miwili, akarudi. Siku hizo za nyuma kazi yote ya Bwana Chome ilikuwa kumtafutia mtu nafasi kwenye lori na kumwambia asisahau mkeka.

Kisha ukaja uhuru, na sidhani kama kuna aliyeufurahia kuliko yeye. Tanganyika walitangulia, sisi tukafuata, na bendera nyekundu ya Sultani iliyokuwa ikipepea pwani hii ikateremshwa. Wanaosema walimwona siku hiyo wanasema alicheza mpaka kofia ikamwanguka, akaiacha chini akaendelea. Lakini nchi mbili huru ni nyumba mbili, na kila nyumba ina mlango wake na mwenye kuulinda. Mtu aliyezoea kwenda Tanga kama anavyokwenda Tiwi sasa alitakiwa awe na pasipoti, barua ya kiwanda kinachompeleka, barua ya kiwanda kinachompokea, picha, na kibali cha muda cha kufanya kazi katika nchi ya watu. Wazee wa Vanga walicheka sana. Nchi ya watu gani, na shangazi zao wote wako huko?

Meneja alimpa Bwana Chome meza mpya, kabati lenye kufuli, na kazi ambayo hakuna aliyejua inafanywaje. Akajifunza kwa kukosea, na wengine walikosea pamoja naye. Fundi Dzombo wa mashine, mtu wa Kikoneni, alipoulizwa kwenye fomu nchi yake ni ipi aliandika Kikoneni. Palipoulizwa rangi ya macho, akaandika kwamba yanaona vizuri, alhamdulillahi. Bwana Chome hakumcheka mbele ya watu. Alingoja atoke, akafunga mlango, akacheka mpaka akaomba maji.

Kilichomsumbua zaidi kilikuwa dole gumba. Wasokotaji wetu wengi hawakujua kuandika, kwa hiyo walitakiwa wabandike alama ya dole. Sasa mwanamke aliyesokota kamba za makumbi tangu utotoni atatoa wapi alama? Kamba imekula ngozi yote, dole limekuwa laini kama kokoto. Maombi yakawa yanarudishwa, eti watu hawa wanabandika doa la wino tu. Bwana Chome akamwendea meneja, akataka kila anayekwenda Tanga aondolewe kwenye kamba majuma machache kabla, apewe kazi ya kufagia, na ajipake mafuta ya nazi mikononi asubuhi na jioni. Meneja alidhani anataniwa. Alipokubali, mistari ilirudi kwenye madole, vibali vikatoka, na ofisi yetu ikanukia kama jiko la harusi.

Mimi nilifika hapa mwanzoni mwa 1964 kutoka Mackinnon Road, kwetu kwenye treni na malori, ambako mtu husalimu huku anatembea. Asubuhi ya kwanza niliingia nikasema habari, nikaketi. Bwana Chome aliendelea kuandika kana kwamba aliyeingia ni paka. Nikarudia, kimya. Ilibidi Katana, dereva wetu, aninong'oneze. Nilipotamka shikamoo aliinua uso uliojaa furaha: marahaba mwanangu, umeamkaje, nyumbani hawajambo, mama hajambo, na safari ilikuwaje? Chai ikapoa tungali tunasalimiana. Tangu siku hiyo sijathubutu kuingia mlango wowote wa pwani na habari tupu.

Ana makosa yake pia, maana huu ni wasifu wala si maulidi. Huficha kalamu nzuri. Hawezi kupita karibu na karatasi iliyopinda asiinyooshe, hata kama ni yako na uliipinda makusudi. Dirisha letu limefungwa tangu nifike kwa kuwa anaogopa upepo wa mgongoni. Na mtu akimharakisha, ndipo anapoanza kuchonga penseli. Nimekwisha kumwona akichonga penseli tatu mbele ya mkubwa mmoja kutoka Nairobi, na yule mkubwa akaishia kuomba radhi.

Lakini sitakuwa nimeandika wasifu wowote nisipoeleza habari ya Waridi Baya, na naomba mnivumilie, maana hii ni ndefu kuliko zile nyingine.

Waridi mnamjua, ni yule mama mwembamba wa Vanga anayewasimamia wasokotaji wa kamba nyembamba. Mwanzoni mwa 1965 alikuwa Tanga, mmoja wa watu wetu kumi na mmoja waliokuwa wameazimwa kule, na alikuwa na kibali cha miaka miwili. Ni mjane, na alikwenda na mwanawe wa pekee, Tumu, binti wa miaka minne. Kibali chake kilikuwa na sharti ambalo Bwana Chome aliwakaririsha wote kabla hawajaondoka: ukitoka katika nchi ile, toka kwa mlango, uage, upigiwe muhuri. Ukitoka bila kuaga, kibali kimekufa.

Siku moja zikaletwa habari Tanga kwamba mamake Waridi amefariki Vanga. Tumu alikuwa kitandani na surua, hawezi kubebwa juani. Waridi alimwacha kwa mwenzake wa chumba kimoja, akajitanda leso, akapanda basi mpaka Duga, na kutoka hapo akashika njia ya miguu ya Jasini, ile ile ambayo mamake na bibi yake waliipita wakienda harusini na matangani. Hakuiba kitu, hakujificha. Nawauliza nyinyi wa pwani: ni nani kati yenu, akiambiwa mama amefariki, angekwenda kwanza kupanga foleni ya muhuri? Maiti alikuwa amekwisha kuoshwa na kukafiniwa, anangojwa yeye tu. Aliuona uso wa mamake kabla haujafunikwa, akamshukuru Mungu.

Balaa lilikuja wakati wa kurudi. Matanga yalipoanuliwa miguu yake ilikuwa imevimba, kwa hiyo hakuirudia njia ya Jasini. Alipanda basi la barabara kubwa kama mtu mwema, akafika kituo cha mpakani, akatoa kibali chake kwa fahari zote. Afisa akakitazama. Muhuri wa kuingia upo, wa kutoka haupo. Akamwuliza alitokaje. Waridi hajui uongo hata ule wa kujisitiri, akajibu kwamba alikwenda kumzika mama na alipita kwa miguu. Kibali kikachukuliwa papo hapo, na yeye akarudishwa upande wetu.

Mama yuko huku, mtoto mgonjwa yuko kule. Hilo ndilo lililokuwa jambo lenyewe, mengine yote ni karatasi. Wala haikuwezekana mwingine amlete mtoto, kwa kuwa wale kumi waliobaki Tanga walikuwa wameamriwa wasitoke mpaka vibali vyao navyo vichunguzwe. Wakubwa wa kule walikuwa wameona kwamba watu wa kiwanda chetu wanaupita mpaka kama wanavyopita uani kwao, na ukweli ni kwamba hawakuwa wamekosea sana.

Waridi alifika ofisini kwetu. Alitaka neno moja tu, apite Jasini tena akamchukue mwanawe. Bwana Chome akamwambia hapana: akikamatwa safari hii atafungwa, wenzake watafukuzwa wote, na Tumu atakosa hata wa kumpa maji. Akamkalisha, akampa chai yake mwenyewe, akampa mkono wa taazia. Kisha akaanza kumwuliza mama alikata roho vipi, alizikwa saa ngapi, waliomwosha ni akina nani. Mimi nilikuwa nachemka. Mtoto yuko ng'ambo anaumwa, na mzee huyu anauliza habari za waoshaji! Ndipo Waridi akalia, kilio cha kweli, na nikafahamu kwamba tangu afiwe alikuwa hajapata nafasi ya kumlilia mamake. Alipokwisha kulia aliweza kusikia anachoambiwa.

Meneja wetu wa wakati ule, ambaye amekwisha kurejea kwao Ulaya, hakuwa mtu mbaya. Aliwaogopea wale kumi. Aliamua iandikwe barua kwamba Waridi si mtumishi wetu tena na kwamba alilotenda alilitenda kwa kichwa chake, ili wengine wapone. Alinipa maneno yenyewe, nami nikatia karatasi mashineni. Bwana Chome akasogea, akazungusha mashine, akaitoa ile karatasi taratibu bila kuirarua. “Hii usiipige, mwanangu,” akasema. Akavaa kofia yake akaingia kwa meneja. Katika miaka yake yote hapa alikuwa hajawahi kumkatalia mkubwa. Waliyosemezana sikuyasikia, ingawa nilisikiliza kwa bidii zangu zote. Alipotoka alikuwa na ruhusa ya lori, na Katana akaambiwa atie mafuta.

Yaliyotokea mpakani nayasimulia kama Katana alivyonisimulia, na Katana hapunguzi wala haongezi, isipokuwa anapozungumzia lori lake. Afisa alikuwa kijana wa kutoka bara kabisa, upande wa Ziwa, mkali na safi, vifungo vyote vimefungwa katika joto lile. Alisema mara moja kwamba kibali kimekufa na sheria ni sheria. Bwana Chome akakubali. Akasema ni kweli kimekufa, na ndiyo maana wamekuja matangani. Yule kijana hakutaka kucheka, lakini alicheka, akawapa kiti.

Hapo mzee hakuitaja sheria tena. Alimwuliza afisa kwao huzikwaje. Afisa akasema kwao, maiti akiwa ndani, hakuna anayeshika jembe, hata kama mvua ndiyo kwanza inanyesha na mbegu ziko mkononi. Anayelima siku hiyo hulaumiwa maisha yake yote. Bwana Chome akamwonyesha Waridi, aliyekuwa amekaa chini kivulini mwa lori, akasema basi yule mama naye alitupa jembe, akasahau kuaga shambani. Akasema hakuja kuomba sheria ivunjwe. Amekuja kuomba yeye ashikwe badala ya Waridi.

Afisa aliwaza mpaka adhuhuri ikapita. Mwishowe akasema atamruhusu Waridi aingie akamwuguze mtoto, na akae huko huko bila kufanya kazi mpaka jibu litoke Dar es Salaam. Lakini lazima asimame mtu wa kumdhamini. Bwana Chome akatoa pasipoti yake mfukoni akaiweka juu ya meza. Masharti yakaandikwa: mpaka jibu litoke, hakuna mtu yeyote wa kiwanda cha Mwabungo atakayeuvuka mpaka, kwa barabara wala kwa njia ya miguu, mdhamini akiwa wa kwanza. Akionekana hata mmoja amevuka, vibali vyote kumi na kimoja vimekwisha, na Waridi na mwanawe watatolewa. Bwana Chome akatia sahihi kwa ule mwandiko wake wa kadi za harusi. Waridi alivuka akikimbia, leso mkononi, akadandia basi la Tanga. Mzee alisimama mpaka basi likapotea, kisha akaomba maji ya kutawadha.

Jibu lilichelewa. Masika yakaingia, yakanyesha, yakatoka. Tumu alipona, akaanza kuwasumbua majirani wa Tanga kwa maswali, na mamake alikaa ndani akila kwa fadhila za wenzake. Kipupwe kilipoanza kuvuma bahasha ikafika: kibali cha Waridi kimerudishwa, na wale wengine hawana neno. Siku hiyo tulipiga vigelegele hapa ofisini, na mimi nilimkumbatia Bwana Chome mbele ya watu, jambo ambalo halikumpendeza hata kidogo.

Hakutosheka na hilo. Aliandikiana na wenzetu wa Tanga na wakubwa wa pande zote mbili mpaka ikakubaliwa kwamba mtumishi aliyeazimwa atapewa, siku ile ile anapopewa kibali, cheti kidogo cha msiba. Akifiwa hukionyesha mlangoni, akapita, akazika, na maelezo huyatoa akirudi. Watu hukiita cheti cha Chome. Mwaka jana fundi mmoja wa Tanga aliyekuwa hapa kwetu alifiwa na babake asubuhi, na alasiri alikuwa kwao akilishika jeneza. Kama Bwana Chome asingefanya kitu kingine hapa duniani, hicho kingetosha.

Hapo ndipo nilipokuwa nimekusudia kukomea. Lakini majuma mawili yaliyopita nilimwendea Waridi anikumbushe tarehe fulani, na badala ya kunipa tarehe akaanza kulia.

Bwana Chome alikuwa na dada, Bi Mwanamkuu, aliyeolewa Moa, upande wa pili wa mpaka, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka Vanga. Ni dada wa tumbo moja, mkubwa wake, na mama yao alipofariki yeye ndiye aliyemlea. Alifariki katikati ya masika yale ya 1965, sisi tukingali tunangoja jibu. Mumewe alikuwa amekwisha kutangulia, na hakuacha mtoto wa kiume. Nyinyi mnajua, na mimi mtu wa bara nimefundishwa hapa hapa, kwamba mwanamke huteremshwa kaburini na mikono ya watu wake mwenyewe. Mikono iliyobaki ilikuwa ya mtu mmoja.

Habari zilimfika kwake Msambweni asubuhi. Barabara kubwa ilikuwa imefungwa kwake, pasipoti iko kwa afisa. Njia ya Jasini ilikuwa wazi. Mzee mmoja na kofia yake katikati ya mvua, nani angemwona? Na angeonekana, nani katika pwani hii angemlaumu? Lakini alikuwa ametia sahihi, na ng'ambo kulikuwa na mama na mtoto na watu wengine kumi waliokuwa wakikaa kwa ile sahihi. Alituma mtu aende mbio kuwaambia wa Moa wasimngoje, wazike. Yeye akaja kazini. Hakumwambia mtu yeyote, kwa sababu alitujua: tungemwambia apite tu.

Waridi alizisikia habari akiwa Tanga, na kwa kuwa Moa iko upande ule ule, yeye aliweza kwenda. Alikwenda akaketi na wafiwa kana kwamba maiti ni wake. Wanawake wakawa wanauliza, kaka yuko wapi? Siku ya kwanza waliuliza kwa huzuni, siku ya pili kwa hasira. Mmoja akasema watu wa Kenya siku hizi wamekuwa mabwana, hawaji hata kuzika. Waridi akasimama katikati yao akasema, “Kaka mtu hakuja kwa sababu yangu mimi. Mimi ndiye niliyemfungia njia.” Akawaeleza yote, tangu mamake mpaka ile pasipoti mezani. Anasema mkubwa wao akamshika mkono akamkalisha karibu naye kwenye mkeka wa wafiwa.

Nilimwuliza Waridi kwa nini amekaa na jambo hili miaka yote. Akasema alimwendea Bwana Chome aliporudi, akajaribu kumwomba radhi, na mzee akamjibu kwamba hana la kuombwa radhi, kisha akamwuliza Tumu ameanza chuo au bado. Basi. Hakulitaja tena. Pasipoti alirudishiwa, lakini mpaka leo hajavuka. Nadhani ameona haya kuingia Moa.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nasema kwa heshima kwamba wahenga hawakukutana na Bwana Chome, aliyeuchukua mzigo wa mwenzake akiujua uzito wake wote. Na nasema pia kwamba nimemkasirikia, tena sana. Tumekunywa naye chai, tumecheka naye, tumemsumbua kwa pasi zetu, na kumbe alikuwa mfiwa asiyepewa pole na hata mmoja wetu. Bwana Chome, hilo si jambo la kututendea.

Halmashauri ilikuwa imekusudia kukupa saa ya ukutani. Nimewasomea ukurasa huu, na saa imeachwa. Jumamosi tarehe 2 Desemba, asubuhi mapema, Katana atakuwa mlangoni kwako na lori limeoshwa. Atakuwa na mkeo, na Waridi, na Tumu, na sisi wengine kadiri tutakavyoenea. Mchele, nyama na halua vimekwisha kununuliwa. Ruhusa ya safari yako tumekuombea sisi, na imegongwa muhuri wa kutoka na wa kurudi. Usichonge penseli yoyote siku hiyo.

Kwa niaba ya wote wa Mwabungo na wa Tanga, ahsante kwa miaka uliyotupa. Pole kwa dada yako, pole iliyochelewa lakini ya moyoni. Mungu akujaalie umri mrefu, miguu yenye nguvu, na usingizi wa mchana usiokatizwa na mtu.

Watu wa Moa tumewapelekea habari. Wamejibu kwamba kaburi limefyekwa, walimu wamealikwa, na hitima haitaanza mpaka kaka mtu afike.